Muulize Fundi: Mistari minne, milioni tatu na nusu

Mwezi huu barua zenu nyingi zimebeba jambo moja: bei ya fundi umeme. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho wengine mmeuliza.

Barua kutoka Chanika, Dar es Salaam

*Mzee Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Najenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, kimoja masta, pamoja na sebule, jiko, stoo, choo cha ndani na baraza. Nimeshapaua, sasa nataka nyaya zipite kabla ya kupiga lipu. Fundi niliyeelekezwa ameniletea karatasi yenye mistari minne. Vifaa vyote 1,850,000. Ufundi 950,000. Kuvuta umeme TANESCO 600,000. Usafiri na dharura 150,000. Jumla 3,550,000. Nilipomwomba orodha ya vifaa alinuna, ila baadaye akanitumia kwenye simu. Humo kuna rola 8 za waya wa 2.5 kwa shilingi 95,000 kila moja, rola 6 za 1.5, soketi 13, holda 14, swichi 12, mabomba 60, DB na breka zake, na vitu vidogo vidogo. Bafuni nataka hita ya maji ya kuogea, na jikoni sehemu ya jiko la umeme. Jirani yangu mwenye ramani ileile anasema yeye alimaliza kila kitu kwa 1,900,000. Fedha yangu ni mkopo wa SACCOS wa miezi 24. Naomba uniambie ukweli, naibiwa?*

Marahaba, Mwalimu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa hata senti moja, na umefanya vyema zaidi kuomba orodha. Fundi kununa kwa kuombwa orodha si ushahidi wa wizi. Wengi wetu tulifundishwa kazi na watu ambao hawakuwahi kuandika chochote, bei ikitajwa mlangoni na kukubaliwa mlangoni. Lakini ile karatasi ya mistari minne haipimiki. Hata nikikuambia ni ghali au ni rahisi, nitakuwa nakisia tu. Hiyo ya pili, ya kwenye simu, ndiyo tunayoweza kukaa nayo mezani.

Nianze na jirani, maana najua ndiye anayekunyima usingizi. Kabla hujailinganisha bei yake na yako, nenda kwake na maswali matatu. Fimbo ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja, imechimbiwa wapi? Kwenye DB yake, yaani kisanduku cha breka, kuna breka ya RCD, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia? Na ile 1,900,000, ndani yake mna malipo ya TANESCO au aliyalipa kando akayasahau? Watu husahau sana fedha walizolipa kidogo kidogo.

Swali la ethi silitaji kwa mazoea. Mwaka 2009, Tanga, niliitwa saa mbili usiku kwenye nyumba ya kupanga. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameshika mlango wa friji akiwa peku kwenye sakafu yenye maji, akarushwa. Alipona, namshukuru Mungu hadi leo. Nilipofungua soketi nikakuta waya wa kijani upo na umefungwa vizuri, nikafurahi. Nikaufuata hadi nje ukutani, nikafukua. Chini yake palikuwa na kipande cha nondo chenye urefu wa futi moja, kimezungushiwa waya kwa mkono, kimepata kutu hadi waya unachezacheza. Fimbo ya ethi ni ya shaba au ya chuma kilichopakwa shaba, urefu wake kwa kawaida ni futi nne, na inazama yote ardhini penye unyevu, waya ukibanwa kwa klampu yake. Mwenye nyumba aliniambia kwa uchungu kwamba alimchagua fundi yule kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko wengine wawili. Tangu usiku ule, mtu akinitajia bei ya chini naanza kwa kutafuta kilichoachwa.

Sasa soma tena orodha yako, Mwalimu. Umeniandikia rola, soketi, holda, swichi, mabomba, DB. Sijaona fimbo ya ethi, na sijaona RCD. Labda zimo kwenye hivyo “vidogo vidogo”, lakini vitu hivyo viwili si vidogo, viandikwe kwa majina. RCD ya milliampea 30 hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukivuja kupitia mwili wa mtu, hukata kabla moyo haujavurugika. Breka ya kawaida haiwezi kazi hiyo, maana yenyewe inasubiri mzigo mkubwa au shoti.

Kuna lingine lililokosekana. Hita za kuogea zinazochemsha maji papo hapo, nyingi zinakula karibu kilowati 5. Gawa wati 5,000 kwa volti 230 unapata ampea 21.7 na ushee, zote zinapita mfululizo mtu akiwa anaoga. Hita hiyo inataka waya wake peke yake kutoka DB, wa 4 na kuendelea (namba hizi ni unene wa waya kwa milimita za mraba), na breka yake. Jiko la umeme nalo linataka waya mnene wake, 6 mara nyingi. Orodha yako ina 2.5 na 1.5 tu. Maana yake ama fundi amesahau, ama amekusudia kuiunga hita kwenye waya wa soketi. Muulize, na jibu lake likufundishe ni fundi wa namna gani.

Kwa hiyo orodha hii imepungua upande mmoja. Upande mwingine imezidi.

Hizo rola 8 za 2.5 tuzipigie hesabu. Waya wa soketi unatoka DB, unapita darini, unashuka ukutani hadi kwenye soketi, unapanda tena na kwenda kwenye inayofuata. Kwa nyumba yenye ukubwa kama wako, njia ya darini kwa mizunguko yote miwili ya soketi haiwezi kuzidi sana mita 60. Kila soketi ina kushuka na kupanda, jumla kama mita 5. Soketi 13 mara 5 ni mita 65. Jumlisha na 60 unapata 125. Nyaya zinazopita ni tatu, mwekundu, mweusi na wa kijani, basi 125 mara 3 ni mita 375. Rola la madukani kwetu kwa kawaida lina karibu mita 90. Umepata rola nne na kipande, tuseme tano pamoja na vinavyokatwa na kupotea. Yeye ameandika nane. Rola tatu zilizozidi, kwa bei yake mwenyewe ya 95,000, ni shilingi 285,000. Usimwite mwizi. Mwambie, “Fundi, naomba unioneshe njia za hizi rola nane kwenye ramani.” Kama ana sababu ataionesha kwa kidole. Kama hana, atasema, “Tuanze na tano, zikipungua tutaongeza,” na hilo ndilo jibu unalolitaka. Zile sita za 1.5 sina ugomvi nazo mkubwa. Tano zingetosha, lakini taa za baraza na za nje hula waya.

Vifaa nenda mkanunue pamoja. Usimpe fedha ya vifaa mkononi, na usimwache nyumbani ukaenda peke yako, maana utauziwa kisichofaa. Mkienda Kariakoo, ingieni maduka matatu na orodha moja. Dai risiti ya EFD. Angalia alama ya TBS kwenye waya, kisha mwombe muuzaji akate ncha, uikwangue kwa wembe. Ikiwa chini ya rangi ya shaba unaona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache hapo hapo. Mizani nayo haina aibu: shaba tupu iliyomo kwenye mita 90 za waya wa 2.5 ina uzito wa karibu kilo mbili, bado plastiki yake. Rola zima likija na kilo moja na nusu, ama si shaba, ama ni fupi, ama wembamba wake si ule ulioandikwa.

Nikuambie na jambo ambalo mafundi wenzangu hawatapenda kuliona limeandikwa. Duka humpa fundi cha juu kwa kumletea mteja. Nami nimepewa, miaka mingi. Wakati mwingine ni bahasha ya kawaida ya shukrani ambayo haigusi bei yako, wakati mwingine ni elfu tano imepachikwa juu ya kila rola. Ndiyo maana nasema maduka matatu. Na ndiyo maana nasema pia, fundi mlipe ufundi wake vizuri na waziwazi, asilazimike kujilipa dukani.

Kuhusu huo ufundi wa 950,000. Hapa watu wanapigana kwa sababu ya neno “pointi”, kila mmoja ana maana yake kichwani. Kwako kuna taa 14, swichi 12, soketi 13, hita na jiko. Fundi anayehesabu kila kimoja peke yake anapata pointi 41, na bei yake ni kama 23,170 kwa pointi. Fundi anayehesabu taa na swichi yake kuwa pointi moja anapata 29, bei inakuwa kama 32,760. Fedha ni ileile! Ukimsikia mtu anajisifu kwamba amepata fundi wa elfu 18 kwa pointi, muulize kwanza anahesabu vipi, na soketi ya matundu mawili kwake ni pointi ngapi.

Mimi napima kwa siku. Nyumba kama hiyo, nikiwa na kijana mmoja wa kunisaidia, kutindua ukuta, kulaza mabomba na kupachika maboksi ilikuwa inanichukua siku tatu. Kuvuta nyaya siku mbili. Baada ya lipu na rangi narudi kufunga swichi, soketi, taa na DB, siku mbili nyingine. Siku ya mwisho kupima. Siku nane za watu wawili. Gawa 950,000 kwa nane unapata 118,750 kwa siku, humo wakiwa fundi, kijana wake, vifaa vyao vya kazi na, kama ana leseni, gharama ya kuwa nayo. Sioni wizi hapo. Punguza kidogo ukiweza, lakini usimkamue. Ila iandikwe kwamba ndani yake mna kutindua na kuziba mifereji, na mna kupima kwa mega, kile kifaa kinachoonesha kama nyaya zinavujisha. Kipimo kinafanywa kwa volti 500 kabla umeme haujaingia, na usomaji kati ya nyaya, na kati ya nyaya na ethi, usipungue megaohm 1. Mwambie akuoneshe namba na aziandike. Fundi asiye na mega hata ya kuazima anakupa nyumba ambayo hata yeye haijui.

Mstari wa TANESCO ndio ulionikasirisha kidogo. Fedha ya kuunganishiwa umeme si ya fundi. Unaomba mwenyewe kwa jina lako, siku hizi hata kwa simu kupitia NIKONEKT, wanakuja kupima, unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2022, mjini, umeme wa njia moja kwa aliye ndani ya mita 30 bila nguzo ni 320,960, kodi ikiwa ndani. Anayehitaji nguzo moja ni 515,618. Maeneo yaliyohesabiwa kuwa ya vijijini ni 27,000. Chanika kuna mitaa na mitaa, kwa hiyo nenda ofisi yao uulize kiwanja chako kimewekwa kundi gani kabla hujakubali 600,000 ya mtu yeyote. Kazi ya fundi hapo ni fomu, ambayo inatakiwa isainiwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Mwambie akuoneshe leseni, usome jina, daraja na tarehe ya kuisha. Wapo wanaofanya kazi bila leseni halafu wananunua muhuri kwa mkandarasi ambaye hajawahi kuiona nyumba. Fedha ya muhuri huo unailipa wewe, na siku likitokea tatizo hutampata hata mmoja.

Dharura 150,000 usiitoe. Usafiri utajwe peke yake. Dharura ikitokea itakuwa na jina, na mtaizungumza.

Kwa hiyo, Mwalimu, jibu langu ni hili. Ufundi ni wa haki. Vifaa vimezidi rola tatu na vimepungukiwa ethi, RCD na nyaya nene, huenda mwisho vikakaribia palepale lakini ukiwa na nyumba salama. Mstari wa TANESCO uutoe kabisa kwenye karatasi yake. Ufundi ulipe kwa mafungu, robo mabomba yakishakaa, nusu nyaya zikishavutwa na DB ikifungwa, na robo ya mwisho baada ya vipimo na mita kuwaka. Na kabla ya lipu, piga picha kila ukuta ukiwa na mabomba yake wazi, uzihifadhi. Miaka mitano ijayo mtu akitaka kupigilia msumari wa kabati la jikoni, utanikumbuka.

Barua kutoka Likoni, Mombasa

*Kaka, stima ya soketi za jikoni ilikuwa inakatika kila jioni. Nikaita fundi, akakaa dakika ishirini, akabadilisha breka moja, akataka shilingi 3,500 za Kenya. Breka yenyewe nimeiona dukani kwa chini ya 600. Ni haki hii? Tangu hapo stima haijakatika.*

Kaka, dakika ishirini zisikuume. Amekuja kwako, ameacha kazi nyingine, na miaka yake ya kujifunza hukuilipia wewe. Fundi anayepata kosa kwa dakika ishirini ni bora kwako kuliko anayelitafuta siku mbili. Angeweza kukutajia ada ya kuja kabla hajafungua kisanduku, na hapo ndipo kosa lake la adabu lilipo.

Kinachonitisha mimi si 3,500. Ni hilo neno lako la mwisho, kwamba haijakatika tena.

Nenda sasa hivi kwenye kisanduku usome namba iliyo kwenye breka mpya. Zima umeme mkuu, kisha umwite mtu anayeelewa aangalie unene wa waya uliounganishwa nayo. Jikoni kwako jioni huenda kuna birika la umeme la wati 2,200, oveni ndogo ya 2,500 na mtu anapiga pasi ya 1,600 kwa ajili ya kesho. Jumla 6,300. Kwa volti 240 ni ampea 26 na zaidi. Ikiwa hapo palikuwa na breka ya 20 kwenye waya mmoja wa 2.5 usiozunguka kurudi, breka hiyo ilikuwa inafanya kazi yake kila jioni, ikiuokoa waya usichemke ndani ya ukuta. Aliyeitoa akaweka ya 32 au 40 hajatengeneza kitu. Amemnyamazisha mlinzi. Waya utapata joto polepole, plastiki italainika, na harufu mtaisikia mkiwa mmelala.

Ukikuta namba mpya ni kubwa kuliko ya zamani, mwite arudi arudishe ya kwanza bila malipo, na atoe njia ya pili ya waya kwa ajili ya oveni. Hiyo ndiyo kazi ya kulipia, na itazidi 3,500. Ukikuta namba ni ileile, basi breka ya zamani ilikuwa imechoka, mlipe na umshukuru. Mara nyingine, kabla ya kumruhusu mtu kugusa, mwombe leseni yake ya EPRA. Huko kwenu wafanyakazi wa umeme wanaandikishwa kwa madaraja, na kila daraja lina mpaka wa kazi.

Barua kutoka Morogoro

*Babu fundi, shikamoo. Mimi ni kijana, nimetoka VETA mwaka juzi. Nikitaja 400,000 mteja anasema 220,000, na kwa sababu nyumbani hakuna kitu nakubali. Halafu nikiwa kazini naanza kubana, naunga nyaya bila konekta, natumia 1.5 pale palipotakiwa 2.5. Najua si sahihi. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeikatia nakala nimeiweka. Umeandika kitu ambacho mafundi watu wazima hawakisemi hata kwa wake zao.

Waya wa 1.5 kwenye soketi uliourudishia lipu juu yake hautajitangaza mwaka huu. Utajitangaza siku mwenye nyumba ameongeza friji la pili na wewe umeshasahau hata mtaa. Kwa hiyo kwanza, zile nyumba unazozikumbuka, rudi. Mwambie mteja umepita kukagua kazi yako, bila malipo. Soketi uliyoiweka kwenye 1.5, ishushe breka yake iwe ya 10, na mwenye nyumba umwambie wazi kwamba hapo si pa pasi wala jiko. Si tiba kamili, lakini moto hautaanzia hapo.

Pili, bei. Hushindwi kwa sababu wateja ni wabaya. Unashindwa kwa sababu unataja namba moja, na namba moja ni rahisi kuipiga shoka. Kaa chini uandike: kazi hii ina pointi ngapi, siku ngapi, nauli yangu na chakula changu kwa siku ni kiasi gani, drili na bisibisi zikichakaa nitanunua nyingine kwa fedha ipi, na wiki nisiyokuwa na kazi nitakula nini. Hiyo ya mwisho vijana hamuiweki. Ukishajua kwa siku huwezi kushuka chini ya kiasi fulani, unakuwa na sakafu ya kusimama.

Mteja akisema ana 220,000 tu, usimchukie, huenda ni kweli. Mtolee karatasi ya pili. Mwambie, “Mama, kwa hiyo tunafanya sebule, jiko na chumba kimoja, na ethi na DB kamili. Vyumba viwili tunalaza mabomba matupu, ukipata tutakuja kuvuta nyaya.” Pointi zinaweza kusubiri mwaka. Ethi haisubiri. Nimewafanyia hivyo watu wengi, hasa wajane na wastaafu, na karibu wote walinirudia mimi, si kwa sababu nilikuwa rahisi, bali kwa sababu mabomba yao yalikuwa tayari yananisubiri ukutani.

Ukikosa kazi hiyo kwa sababu ametokea mwingine wa 200,000, iache iende. Itakuuma. Tumia siku hiyo kufuatilia leseni yako, kwa maana bila hiyo utabaki kumfanyia kazi mwenye muhuri maisha yako yote.

Barua kutoka Dodoma

*Fundi, uniti za LUKU zinaisha haraka kuliko zamani. Fundi mmoja ametazama darini dakika tano, anasema nyaya zimezeeka zinavujisha, nimpe 700,000 abadilishe zote. Nikubali?*

Usikubali leo. Hakuna anayeona uvujaji kwa macho akiwa darini. Fanya hivi mwenyewe, ni bure. Zima kila kitu na chomoa plagi zote, hata ya chaja. Acha breka zote zikiwa zimewashwa. Nenda kwenye mita utazame kitaa chake kinachopepesa umeme unapotumika, kitazame robo saa nzima. Kisipopepesa, nyaya zako hazivujishi cha kukumalizia uniti, tatizo liko kwenye kitu ulichochomoa, na mara nyingi ni friji lenye mpira wa mlango uliokufa. Kikipepesa, shusha breka moja moja hadi kisimame. Hapo umeupata mzunguko mbovu, na huo mmoja ndio wa kumwita fundi mwenye mega, si nyumba nzima. Ukishusha hata swichi kuu na bado kinapepesa, basi kati ya mita na DB yako kuna mtu au kitu kinachokula, watu wa TANESCO waje waone.

Halafu kagua kundi lako la bei. Wateja wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei ya chini kwa uniti. Ukizidi, unahamishiwa bei ya kawaida, na fedha ileile inakuletea uniti chache. Chukua namba ya mita yako, nenda dirishani kwao uulize ulihamishwa lini, kisha ulinganishe na mwezi ulioanza kulalamika.